Pua ya Mama Mkwe

"Baba Zuu, saa saba usiku hii. Unafanya nini?"

"Nachora."

"Unachora nini?"

"Pua."

"Ile ya juzi?"

Ile ya juzi. Usiku wa tatu huo, pua moja. Mke wangu akavuta shuka lote upande wake, akaniachia kipande cha kufutia jasho. Sikulalamika. Mwanaume anayechora pua siku tatu hana sauti ndani ya nyumba.

Na usidhani ni pua ya maana. Ni nukta mbili. Wenye fani wanaziita pikseli, vile viboksi vidogo vinavyounda picha kwenye kioo cha kompyuta. Picha yangu nzima ni 32 kwa 32, yaani nukta 1,024, na humo humo natakiwa nimwingize mama yake mke wangu, na mtandio wake, na heshima zake zote. Nikiweka nukta mbili puani, uso unakuwa kibubu, unatamani kutumbukiza sarafu. Nikiweka tatu, pua inalalia upande kama iliyopigwa ngumi. Nne, tembo. Kati ya mbili na tatu hakuna kitu. Mangi dukani namwomba robo ya sukari ananipimia. Namwomba nusu kitunguu, ananuna lakini ananikatia. Pikseli haikatwi nusu. Chukua au acha.

Sasa utaniuliza, mtu mzima na akili zako, umefikaje huku? Kwa dogo wa jirani. Anasoma kompyuta chuoni, na mimi nina laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Herufi R imeng'oka, betri ilishafariki, ukikohoa karibu na waya inazima. Nilimpelekea aifufue. Akaiangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyecheleweshwa. Akasema, "Braza, hii gemu za sasa hivi haziwezi. Ila kwa zile picha za kizamani, za pikseli, inatosha kabisa."

Inatosha! Neno hilo ndilo lililoniponza. Wenzangu wana starehe zao. Mmoja anafuga njiwa, mwingine anabeti, mwingine ana gari bovu linalomla mshahara. Mimi bao nafungwa hata na watoto wa shule. Nikasikia kuna starehe isiyo na kiingilio, inayotaka mausi tu na ile programu ya Paint ambayo imo ndani ya Windows tangu 1985. Nikaona leo Mungu kanikumbuka.

Na tena nilijiona si mgeni. Mimi ni wa kizazi cha Nokia 3310, bwana. Kioo chake chote nukta 84 kwa 48, na humo tulicheza nyoka mpaka vidole gumba vikaota sugu. Mama Zuu mwenyewe nilimtongoza kwa picha za simu, zile za nukta 72 kwa 28. Nilichagua ua waridi. Picha moja ilikuwa inakula mpaka meseji tatu, na vocha ya kukwangua siku hizo unainunua huku umeacha kula. Nikatuma, nikakaa nasubiri kupendwa. Kumbe simu yake haikuwa Nokia. Ua likamfikia limegeuka mistari ya herufi na namba zisizosomeka. Akajua nimerogwa. Akaniombea dua siku saba. Ndivyo tulivyoanza.

Dogo akanifungulia darasa pale kibarazani. Somo la kwanza, Mario, yule mfupi wa kwenye gemu.

"Braza, unajua kwa nini anavaa kofia?"

"Jua."

Akanihurumia waziwazi. Kumbe Mjapani Shigeru Miyamoto alipomchora, kwa gemu la Donkey Kong la mwaka 1981, nukta zilikuwa za kuhesabu, na nywele zinasumbua. Akamvika kofia. Mdomo haukupata nafasi, akautupia masharubu juu. Mikono ilikuwa inapotelea kifuani akikimbia, akampa ovaroli ili mikono ionekane. Mtu mashuhuri dunia nzima, amezaliwa na uhaba! Na kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985, wingu la juu na kichaka cha chini ni umbo lile lile, wamebadilisha rangi tu. Gemu zima kilobaiti 40. Picha moja ya ugali ninayopiga kwa simu ni nzito kuliko gemu hilo lote, na pembeni hapo hakuna hata mlenda.

Nikasema basi, nimeelewa, usiendelee. Nywele? Mama mkwe anavaa mtandio, kesi imekwisha. Mdomo? Hapo nikakwama. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Halafu, kwa majaribio tu jamani, kwa dakika mbili, nikamwekea masharubu.

Mama Zuu akaingia na chai.

Sitaki kusimulia zaidi. Chai ile alirudi nayo jikoni, na siku mbili zilizofuata nilikula kwa mama ntilie.

Mwenye busara angeishia hapo. Dogo akaniambia wanaoijua fani hawachori ovyo, wanachagua mashine moja ya zamani na kuyafuata masharti yake. Kama kwa mganga. Usile samaki mwenye magamba, usigeuke nyuma njia panda. Mtu wa kiasi angechagua Commodore 64, ana rangi zake 16, anapumua. Mimi nikachagua ZX Spectrum ya Uingereza, ya mwaka 1982, kwa sababu jina lilinikaa vizuri mdomoni. Masharti sikuuliza. Nani anayeuliza masharti kabla hajatoa kuku?

Masharti yakaja. Kioo cha Spectrum kimegawanywa vyumba vya nukta 8 kwa 8, na kila chumba kinapokea rangi 2. Basi. Waliotengeneza walikuwa wanabana kumbukumbu, maana ile ya bei ya chini ilitoka na kilobaiti 16 tu za kutumia. Nukta zote za kioo zikachukua baiti 6,144, rangi zikapewa baiti 768. Makombo. Sasa wewe chukulia nyumba ya kupanga kule Tandale. Chumba kimoja, wapangaji wawili. Akija wa tatu, lazima mmoja atolewe vyombo nje, na anayebaki anavaa nguo za mgeni.

Picha yangu ya 32 kwa 32 ni nyumba ya vyumba 16. Kwenye chumba cha paji la uso kuna mtandio mwekundu, kuna ngozi, kuna ukuta wa buluu kwa nyuma. Wapangaji watatu! Nikiutetea mtandio, paji linakuwa jekundu kama lililochomwa na jiko. Nikilitetea paji, ukuta unaingia kichwani. Rangi zinaambukizana kama mafua ya chekechea. Na hiyo ngozi yenyewe sasa! Spectrum ina nyeusi, buluu, nyekundu, zambarau, kijani, samawati, njano na nyeupe. Kila moja inakuja hafifu na angavu, jumla 15 na siyo 16, kwa sababu nyeusi hata uiongezee mwanga inabaki nyeusi ile ile. Umeiona kahawia humo? Rudia tena kusoma. Haimo. Waingereza wanakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja aliyeangalia ndani ya kikombe akakumbuka kahawia. Ikabidi mama mkwe nimpake njano hafifu, ambayo ukirudi hatua sita nyuma na kukunja jicho inaelekeaelekea mchuzi wa bizari.

Pua ndiyo ilinimaliza. Nusu ya 32 ni 16, na kwenye 16 ndipo ukuta wa vyumba unapopita. Kwa hiyo nukta ya kushoto ya pua ina mwenye nyumba wake, na ya kulia ina mwenye nyumba mwingine. Pua moja, mikataba miwili. Siku tatu zile nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi, nasuluhisha.

Dogo akajaribu kunifariji. Akanisimulia Andy Warhol, yule mchoraji mkubwa wa Marekani. Mwaka 1985 ilipozinduliwa kompyuta ya Amiga, New York, Warhol alikaa mbele za watu akamchora mwimbaji Debbie Harry kwa mausi. Disketi zake za nyumbani zikakaa miaka na miaka, zikaja kufunguliwa na wajuzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, habari ikatoka 2014. Mojawapo ya picha zilizokutwa humo ni Venus mwenye macho matatu.

"Macho matatu, braza, na bado ni Warhol."

Nikamjibu kwamba Venus hakuwa mama mkwe wa Warhol.

Alhamisi usiku nikamaliza. Nilichoka tu, ukweli ndio huo, nikaita kuchoka kumaliza. Nikahifadhi. Nikaikuza ionekane, maana nukta 32 kwenye simu ni kama punje ya ulezi. Nikairusha kwenye grupu la ukoo na maneno matamu: "Mama yetu kipenzi." Nikalala kama mtu aliyelipa kodi.

Kumbe nimefanya dhambi mbili. Ya kwanza, nilihifadhi kwa JPEG. Mimi niliona imeandikwa pale, nikabonyeza. JPEG imetengenezwa kwa picha za kamera, inapunguza uzito kwa kulainisha mambo. Penye nukta mbili zinazopakana kwa ukali, yenyewe inaweka ukungu. Na unajua inaikata picha vipande vya ngapi? Vya 8 kwa 8! Hiyo namba inanidai nini mimi? Nilitakiwa niweke PNG, ambayo haigusi nukta ya mtu. Dhambi ya pili, kukuza. Ukitaka kuikuza picha ya namna hii unazidisha kwa namba kamili, mara 10, mara 20, na unaikataza programu isijitie kusawazisha kingo. Mimi niliivuta tu pembeni kwa mausi, kama mtu anayenyoosha shati lililorudi.

Kilichofika kwenye grupu ni mwanamke wa njano, paji jekundu, hana kingo, katikati ya uso ana kovu. Chini yake: Mama yetu kipenzi.

Saa kumi na moja alfajiri shangazi yangu wa Morogoro akaandika, "Innalillahi. Ameungua na nini?" Shemeji akajibu kwa wote kwamba huenda ni gesi. Mjomba akaandika kwamba alishasema haya mambo ya gesi. Mimi nimelala. Kufika saa moja kamati imeundwa. Saa mbili mweka hazina kapatikana, namba ya kutuma michango imebandikwa. Binamu mmoja ambaye hajawahi kuchangia hata harusi yangu katuma elfu tano. Naamka nakuta orodha, na jina langu la kwanza, nimewekewa ahadi ya laki moja bila kuulizwa, kwa sababu mimi ndiye mkwe.

Nilipoandika kwamba ni sanaa, hakuna aliyejibu. Mjomba peke yake, baada ya muda mrefu: "Sanaa ya nini?"

Jumamosi saa tisa alasiri bodaboda ikasimama nje. Akashuka mama mkwe, na kikapu chake, kutoka Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimesikia naumwa."

Ardhi ya huku kwetu ni ya kichanga lakini haikupasuka. Mama Zuu, badala ya kunisitiri, akaleta laptopu mwenyewe, akaiweka mezani mbele ya mama yake, akaenda kukaa pembeni na kukunja mikono kama amelipia tiketi. Mama mkwe akatoa miwani kwenye mkoba. Akaivaa. Akaangalia. Akavua, akaipangusa kwa kanga, akavaa tena.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo mama."

"Na hapa kati mnanifungulia?"

"Hapana mama. Ni pua."

Akanyamaza. Heshima ya mama mkwe ni kitu kizito, bora angenitukana. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa mstari. Akahesabu tena kutoka juu kwenda chini. Halafu akaingiza mkono kikapuni, akatoa uzi mweupe na sindano ya kroshia, na kitambaa alichokuwa anakifuma njiani, kwenye basi.

Vitambaa hivi unavijua. Kwenu vipo. Vimelala juu ya makochi, juu ya televisheni, juu ya mtungi wa maji, vina tausi, vina maua, vina maneno ya kukaribisha wageni. Miaka yote nimevikalia, nimevifutia mikono kwa siri, sijawahi hata siku moja kuviangalia. Siku ile nikaviangalia. Ni viboksi! Tundu tupu, tundu lililojazwa, tundu tupu, mawili yaliyojazwa. Tausi yule aliye juu ya televisheni yetu ana viboksi vingi kuliko Mario. Na mama hana kioo, hana Paint, hana pa kubonyeza kurudi nyuma akikosea. Anahesabu kichwani, huku anaangalia tamthilia, huku anamuuliza Zuu kama amekula.

Nikaona nijikomboe na elimu. Nikamwambia mama, kule Marekani kuna mwanamke anaitwa Susan Kare. Walipokuwa wanatengeneza kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984, alipewa kazi ya kuchora vile vialama vyake, kopo la taka, bomu, kompyuta ndogo inayotabasamu. Kila kimoja 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe. Akaanza na daftari la viboksi na kalamu, anajaza kimoja kimoja. Na kabla ya hapo alikuwa ameshadarizi, ameshapanga mozaiki, akaona ni kazi ile ile.

"Alilipwa?"

"Alilipwa mama."

"Na wewe unalipwa?"

Mama Zuu akacheka mpaka akatoka nje.

"Kosa lako hili hapa," mama akaendelea, hana habari na mimi. "Umehesabu 32. Hiyo ni shufwa. Uso una katikati, baba. Ukifuma kitu chenye katikati, unaanza na witiri. Weka 33, pua inapata mahali pake."

Nikamweleza kwa adabu kwamba 33 haigawanyiki kwa 8. Akaniuliza nane ni nani. Sikuwa na jibu.

Usiku ule alifuma. Hajaangalia laptopu tena. Kufika Jumatatu mtandio upo, macho yapo, mdomo upo bila masharubu, na ni yeye, hata Zuu alimtambua kutoka mlangoni. Pua kaifanyaje? Kaacha tundu moja. Moja! Mimi siku tatu nagombana na mbili na tatu, moja haikunijia kabisa.

Tausi kashushwa. Sasa juu ya televisheni yupo mama mkwe, kapigwa wanga, anatuangalia tukila. Wageni wanasifu. Mama Zuu anawaambia, "Wazo lilikuwa la baba Zuu," halafu anasubiri waulize, halafu anafungua laptopu.

Mama kaondoka Jumatano. Kaniachia kazi, na si ya kuomba. Anataka mchoro wa kitambaa cha kochi la watatu, jogoo wawili wanaotazamana, witiri, niuchore kwa penseli kwenye daftari la hesabu lile la viboksi, siyo kwenye hiyo mashine inayotia watu ugonjwa. Sikuwa na daftari. Nikachukua la Zuu, yupo la pili, nikasema kurasa za nyuma nani ataziona. Juzi limerudi na wino mwekundu juu ya jogoo wa kushoto: "Mzazi aje." Nimekwenda. Nimesimama mbele ya dawati la mwalimu, mikono nyuma, nimeulizwa kama nyumbani kuna matatizo.

Kwa hiyo jirani, kama una mtoto aliyemaliza darasa na daftari lake la hesabu limebaki kurasa, nipitishie. La viboksi vikubwa, macho yangu si ya zamani. Penseli ninayo.